Intaneti ya kupakulia waifai niitoe wapi?

Niliapa Debian, ule mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, siwapi hata nyota moja. Sasa naandika haya kwenye laptopu hiyo hiyo, kwa waifai hiyo hiyo, kwa hiyo kiapo kimeshaingia mchanga.

Nilikuwa naiwekea Debian 11 laptopu kuukuu ya mdogo wangu. Lugha nikachagua, kibodi nikachagua, mara likaibuka boksi: baadhi ya vifaa vyako vinahitaji fimwea isiyo huru, faili linalokosekana ni b43/ucode16_mimo.fw, lilete kwa flashi au flopi. Fimwea ni programu ndogo inayokiwezesha kifaa kufanya kazi, hapa waifai; isiyo huru ni ile yenye masharti ya mwenyewe. Flopi! Mara ya mwisho kuiona flopi nilikuwa navaa kaptura ya shule. Nikachomeka flashi, nikajibu ndiyo, boksi likarudi. Ndiyo tena. Likarudi. Mara ya sita nikamwita mke wangu aje ashuhudie.

Nikaibeba mpaka kwa fundi mmoja Kariakoo. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Linux? Braza, lete elfu thelathini nikupigie Windows. Hayo mengine kachezee nyumbani." Kachezee! Mtu mzima, nina watoto wawili, naambiwa kachezee mbele ya wateja. Mpaka leo nikiikumbuka hiyo "kachezee" chai hainishuki.

Kwa hasira nikanunua bando, nikashusha Debian 12. Hii ilitoka Juni 2023, baada ya wanachama wao kupiga kura mwaka 2022 kwamba fimwea za namna hii ziwemo humo humo kwenye flashi ya kusakinishia. Nikasema sasa yule fundi atanijua. Wapi! Waifai ikalala vile vile. Kumbe waliotengeneza chipu ya waifai ya laptopu hii, ambao hata jina siwatajii wasije wakajiona, hawajaruhusu fimwea yao isambazwe na mtu mwingine. Dawa ni kifurushi kiitwacho firmware-b43-installer, nacho kinaifuata wapi? Intaneti. Yaani ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Hapo nakiri Debian nilikuwa nimewaonea.

Kilichoniokoa ni waya wa kuchajia simu. Unachomeka, unawasha kushea intaneti kwa USB, kisakinishi kinaiona simu kama mtandao wa waya. Basi! Nikamaliza kusakinisha, nikaongeza neno contrib (ghala kilimo kile kifurushi) kwenye sources.list, faili linaloorodhesha maghala ya programu, nikapiga amri ya apt update iisome upya orodha, nikaweka kile kifurushi, nikawasha upya. Majina ya waifai za majirani yakajipanga kwenye kioo, mpaka ya yule wa ghorofa ya juu aliyeiita yake USIOMBE. Nilipiga kelele mtoto akaamka.

Nyota tano. Au nne, kwa ajili ya lile swali la flopi. Fundi sifuri, na hiyo sibadilishi.

Ila jana usiku waifai imekatika mara mbili, na waya wa simu bado uko mezani. Andikeni tatu.