PhET kwenye mada ya umeme: uzoefu wangu na darasa la wanafunzi 60, Moshi

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja nitaeleza imekwenda wapi.

PhET ni simulesheni (majaribio ya kuigiza kwenye skrini) za sayansi na hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Ni bure, na huhitaji kujisajili ndipo ucheze nazo. Ninayoitumia zaidi ni ile ya kuunga saketi, Circuit Construction Kit: DC, kwa sababu shule nyingi za huku zina ammita (vipima mkondo wa umeme) mbili tatu tu za kugawana darasa zima.

Usitegemee intaneti ya darasani. Pakua nyumbani: kila simulesheni mpya ni faili moja la HTML lenye megabaiti chache, hata bando dogo linatosha. Liweke kwenye flashi, lifungue kwa Chrome au Firefox, na litafanya kazi bila mtandao kabisa. Hapa ndipo wengi wanakwama. Ukiligusa faili kwenye simu, mara nyingi linafunguliwa na kisomaji kidogo cha simu na unaona ukurasa mtupu. Chagua kulifungua kwa Chrome. Kwenye kompyuta ya zamani ukurasa mtupu maana yake kivinjari kimepitwa na wakati. Zile simulesheni za zamani za Flash ziache, Flash ilifungwa mwisho wa 2020.

Sasa darasani. Unga betri moja na glopu mbili kwa mfululizo, lakini acha swichi wazi. Betri huja na volti 9, kila glopu ohmu 10. Uliza: glopu ya pili itawaka sawa na ya kwanza, au itafifia? Kila mwanafunzi aandike jibu kwenye daftari kabla hujagusa kitu. Wengi wataandika itafifia, kwa imani kwamba glopu ya kwanza "inakula" mkondo. Funga swichi. Zinawaka sawa. Pachika ammita kabla ya glopu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili: ampia 0.45, 0.45, 0.45. Wape muda wazitazame hizo namba tatu, usikimbilie kueleza. Kisha ziunge sambamba: kila glopu inapata 0.90 na betri inatoa 1.80. Kipindi cha dakika 40 kinaishia hapo, na hakijapotea. Ukiruka hatua ya kutabiri, watoto wanaangalia picha nzuri na wanatoka na imani ileile waliyoingia nayo.

Mambo mawili ya kurekebisha mapema. Kwanza, simulesheni inaanza kwa kuonyesha elektroni, vidoti vya bluu vinavyotoka hasi kwenda chanya. Kwenye mtihani mshale wa mkondo unachorwa chanya kwenda hasi. Badilisha uoneshe mishale myekundu, au tumia zote mbili kwa makusudi na ueleze tofauti. Ukinyamaza utavuna michoro iliyogeuzwa. Pili, weka tiki kwenye kisanduku cha kuonyesha thamani, la sivyo volti na ohmu hazionekani.

Nyota iliyopungua ni hii: betri ya kwenye skrini ni kamilifu mno. Mwanafunzi akishika betri mbili za tochi na kikinzani cha ohmu 10, anategemea ampia 0.30, ammita inamwambia 0.27, naye anadhani amekosea kuunga. Hajakosea. Betri halisi ina ukinzani wake wa ndani. Tiba imo humohumo: kwenye sehemu ya mipangilio ya ziada kuna kitelezi cha ukinzani wa ndani wa betri. Weka betri ya volti 3, ukinzani wa ndani ohmu 1, na skrini itasoma 0.27 pia. Fanya hivi siku ya mazoezi ya vitendo, vifaa vikiwa mezani. Na tafadhali, simulesheni isichukue nafasi ya waya na betri. Mkono unaolegeza waya mwenyewe ndio unaojifunza kuukaza. Moto unaotokea kwenye skrini ukiunganisha ncha za betri moja kwa moja, hapo skrini inashinda, maana hilo sitaki mtu alijaribu mezani.

Vifaa: shuka jeupe la mitumba kutoka soko la Memorial linatosha kuwa skrini. Litundike upande usiopigwa na jua na uweke khanga nzito madirishani. Jua la Januari linafuta kila kitu. Projekta ya taa ya kawaida inakula wati 200 hadi 300, kwa hiyo betri ya gari na inveta vitakupa kipindi kimoja au viwili. Televisheni ndogo ya LED ni bora kwa umeme, ila walio nyuma hawasomi namba, inabidi kuwasogeza mbele kwa zamu. Umeme ukikatika ghafla, feni ya projekta inasimama taa ikiwa ya moto, na taa hufa mapema. Usiiwashe tena papo hapo umeme ukirudi. Iache ipoe dakika kumi, endelea na ubao.