Breki ya dramu kwenye Raleigh ya baba: kazi ya fundi wa Kibuye

Baiskeli yenyewe ni Raleigh nyeusi iliyoundwa Nottingham, Uingereza, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za fito, ambayo marehemu baba aliiendesha miaka mingi akienda kufundisha, na ambayo sasa hunipeleka kila siku kutoka Mamboleo hadi mjini Kisumu. Niliipeleka kwa fundi mmoja mzee mwenye kibanda karibu na soko la Kibuye nikiwa na habu mpya (kitovu cha gurudumu) ya kampuni ya Sturmey-Archer yenye breki ya dramu, taa ya kuchaji na kishikizo cha simu. Nimeiendesha miezi minne tangu hapo, mvua za masika zikiwemo.

Breki ndiyo iliyonipeleka kwake. Katika baiskeli hizi za zamani, fito huvuta vipande vya mpira kwenda juu hadi vibane upande wa ndani wa ringi, ule unaotazama habu. Ubavu wa ringi umeviringana, kwa hiyo breki za kisasa za kubana pembeni hazina pa kushika. Kiangazi fito zinatosha kabisa, lakini ringi ya kromu ikilowa mpira huteleza, na kuteremka kilima cha Riat ukiwa na gunia kwenye keria kunatisha kwelikweli. Dramu imejificha ndani ya habu, na maji hayaifikii kwa urahisi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kwenye duka jingine mjini. Walisaga kwa mashine vishikizo viwili vya fito kabla sijamaliza kueleza ninachotaka, kisha ndipo wakagundua kwamba breki waliyonayo haiingiani na ringi. Jambo hilo bado linaniuma.

Mzee wa Kibuye alianza kwa kuhesabu. Aliiweka ringi ya mbele magotini, akapitisha kidole tundu kwa tundu mpaka 32, halafu akahesabu ya habu yangu akapata 36. Baiskeli za aina hii, za Uingereza na hata zile za India tulizozoea kuziita Black Mamba, kwa kawaida huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, nami nilinunua habu bila kulijua hilo. Nilipomwuliza kama anaweza kuacha matundu manne wazi, alitikisa kichwa. "Mwanangu, gurudumu la hivyo litakuangusha siku umembeba mtoto." Baada ya wiki mbili alipata ringi ya kipimo kile kile, yenye matundu 36, kwenye baiskeli ya mtumba ya Kiholanzi, akakata spoku fupi zaidi kwa sababu habu ya dramu ni nene.

Ekseli mpya nayo ilikuwa nene kuliko nafasi iliyoko kwenye uma, yaani vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele. Wengi wangechukua tupa wakapanue uma. Yeye aliipiga tupa ekseli pande mbili hadi ikaingia, akisema ekseli hununuliwa lakini uma wa Nottingham haununuliwi tena. Mkono unaozuia bamba la breki lisizunguke na gurudumu aliufunga kwenye uma kwa kibano cha bati, chini yake akazungushia kipande cha tyubu ili rangi isichubuke. Hakutoboa mahali popote, na kwangu hilo lina thamani kuliko breki yenyewe.

Taa ilikaa vizuri baada ya kuongezewa tyubu, kwa kuwa usukani wa zamani ni mwembamba. Kishikizo cha simu nimekitoa. Kwenye barabara ya murramu kinatikisika mno.

Lawama ninayo. Waya wa breki aliuacha mrefu na hunasa kwenye mfuko wangu, na baada ya juma moja spoku zililegea, ingawa alizikaza tena bila kudai kitu. Ufundi ulinigharimu shilingi 1,500 mbali na vipuri, na sikupewa risiti. Anayetaka kazi ya siku moja asiende huko.

Gurudumu la nyuma nimeliacha na breki yake ya asili. Fito za mbele alinikabidhi zote, pamoja na nati zake, zimepakwa grisi na kufungwa kwa utepe wa tyubu.