Kusomea tiba ya utambuzi na tabia Uingereza: nafasi ya NHS au kujilipia?

Muuguzi wa afya ya akili au mwanasaikolojia anayetaka stashahada ya uzamili ya tiba hii (CBT), ya mazungumzo yanayolenga mawazo na mienendo ya mgonjwa, nchini Uingereza ana njia mbili kubwa. Kwa njia ya NHS, mfumo wa afya wa umma wa huko, unaajiriwa kama mwanafunzi katika huduma ya tiba za mazungumzo iliyoanza mwaka 2008 kwa jina la IAPT, leo Talking Therapies. Kwa kawaida ni siku mbili chuoni na tatu kliniki, huku mshahara unaingia na ada imelipwa. Ushindani ni mkali, na mwaka wenyewe unachosha.

Ukijilipia, unachagua chuo na kubaki na kazi yako. Ada ni nzito, lakini kinachowakwamisha wengi ni wagonjwa: BABCP, chama kinachowapa watibabu ithibati, hudai saa 200 za tiba chini ya msimamizi. Vikao hurekodiwa, msimamizi akasikiliza unavyouliza na unavyonyamaza. Ufundi hujengeka hapo hasa, na NHS inakupa wagonjwa hao tayari.

Mimi ningeanza na NHS. Ila huduma yake hushughulikia zaidi sonona na wasiwasi. Anayefanya kazi wodi ya saikosisi (hali ya kupotewa na uhalisia) heri ajilipie.