Walifuta mishipa ya mbawa: uzoefu wangu na studio ya kuchapisha picha

Studio moja ya kuchapisha picha jijini Dar es Salaam, ambayo watu wengi huisifu kwa picha za harusi na mahafali, imeniharibia picha za wadudu nilizozihangaikia kwa misimu kadhaa, na kilichoniumiza kuliko uharibifu wenyewe ni jibu nililopewa nilipokwenda kulalamika. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaopiga picha za karibu za nzi, kereng'ende, nondo na wadudu wengine wenye mbawa, wajue mahali wanapopeleka kazi yao.

Nianze na kereng'ende. Alikuwa dume la Trithemis arteriosa, yule mwekundu anayeonekana kando ya mito na mabwawa katika sehemu kubwa ya Afrika, mwenye mishipa myekundu iliyosambaa katika mbawa zinazopitisha mwanga. Nilimkuta kando ya Mto Sigi, chini ya milima ya Usambara Mashariki, asubuhi na mapema, wakati baridi ya usiku inamfanya mdudu asiweze kuruka na umande ungali juu ya mwili wake. Anayeifanya kazi hii anaelewa ugumu wake: taswira ya mdudu inapoangukia kihisi cha kamera, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, kwa ukubwa wake halisi, hata ukibana tundu la lenzi hadi f/11, sehemu inayotoka wazi haina kina zaidi ya milimita 1 na kitu, kwa hiyo ni lazima lenzi ielekezwe sambamba kabisa na mbawa, la sivyo bawa moja litatoka safi na jingine litapotelea kwenye ukungu. Siku ile mbawa zote nne zilitoka safi, mpaka vijumba vidogo kabisa vilivyo kati ya mishipa ya ukingo wa nyuma.

Picha niliyokabidhiwa na studio ilikuwa na mbawa laini kama plastiki. Mishipa minene ya ukingo wa mbele ilikuwepo, lakini wavu wote wa katikati ulikuwa umefutwa na mahali pake pamejazwa rangi ya waridi isiyokuwepo. Ukataji wa karatasi nao ulikuwa umeondoa ncha ya bawa moja pamoja na lile doa nene lililo karibu na ncha, ambalo uzito wake humsaidia kereng'ende kuzuia bawa lisipepesuke anapoteleza hewani. Magamba ya nondo, ambayo ndiyo uzuri wote wa nondo, yalikuwa yamegeuka tope. Haya yote yalitendeka ingawa kwenye fomu ya oda niliandika kwa herufi kubwa kwamba picha zisirekebishwe hata kidogo.

Baadaye nilielezwa kwamba kila faili inayoingia pale hupitishwa kwenye programu ya kulainisha nyuso, ile inayoondoa mikunjo na chunusi za bibi harusi. Programu hiyo hukutana na vistari vyembamba vilivyosongamana, ikavichukulia kuwa kasoro na kuvifuta. Hilo ningeweza kulisamehe, maana mashine haina macho. Lakini kijana wa kaunta ana macho, na aliponisikiliza alicheka, akamwonesha mwenzake ile picha, kisha akaniambia, "Mama, si mdudu tu huyu? Nani atakaa ahesabu mishipa yake?"

Wapo wanaoihesabu, na wanaihesabu kwa sababu ndiyo inayowatambulisha wadudu hawa. Katika ukingo wa mbele wa bawa la kereng'ende, kati ya shina la bawa na lile fundo lililo karibu na katikati, kuna safu ya mishipa mifupi ya kukatiza. Kwa kawaida mshipa wa mwisho wa safu hiyo huishia nusu kwa jenasi ya Trithemis, ambayo ndiyo ya kereng'ende wangu, na hukamilika kwa Orthetrum, jenasi nyingine ya kereng'ende. Rangi za kereng'ende wengi hufifia baada ya kufa, ndiyo maana picha ya mdudu aliye hai, yenye mishipa inayosomeka, ni kumbukumbu ambayo hata kielelezo kilichochomwa pini hakiwezi kuitoa. Ukifuta mishipa, umebakiza pambo.

Picha niliyoililia zaidi ni ya mbung'o, niliyempiga upande wa Saadani akiwa ametulia, bawa moja limelala juu ya jingine kama ilivyo desturi yake. Katikati ya bawa la mbung'o kuna kijumba chenye umbo la shoka, na ndicho ninachowafundisha wanafunzi wangu wa biolojia wakitafute kabla ya kumwita nzi yeyote mbung'o. Studio ililifuta shoka. "Mdudu tu" huyu ndiye anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na kule Unguja ilihitajika kazi ya miaka, ya kuachia madume yaliyofanywa tasa, kabla ya kisiwa kutangazwa mwaka 1997 kuwa hakina tena mbung'o. Sioni la kuchekesha hapo.

Sharti niseme pia yaliyo mema. Fundi wao mzee, aliyekuwa nyuma akisikia yote, alitoka akaniambia, "Mwalimu, niachie faili yako halisi, nitaichapa kama ilivyo." Alizima marekebisho yote, akachagua karatasi isiyong'aa, akaacha ukingo mweupe pande zote ili ncha zisikatwe. Kereng'ende aliyetoka safari hii ni uchapaji bora kuliko wote niliowahi kulipia. Ule mshipa wa nusu unaonekana bila kioo cha kukuzia, na wekundu ni wekundu wake mwenyewe. Nilikuwa nimedhamiria kuwapa nyota 1, nikajikuta njiani nawapandisha hadi 4 kwa ajili ya mikono ya mzee yule.

Kisha nikapigiwa simu. Kumbe kurudia kulihesabiwa kuwa oda mpya, nami nadaiwa bei kamili, na picha ya mbung'o haitarudiwa kwa kuwa, kwa maneno ya yule yule kijana, "haina tatizo." Kwa hiyo nyota zimeshuka tena. Mwenye picha za harusi na aende, atahudumiwa vizuri. Mwenye picha za wadudu amuulizie fundi mzee kwanza, na kama hayupo siku hiyo aondoke na faili zake. Salio lao ninalo, na sitalilipa mpaka mbung'o wangu achapwe upya kutoka faili halisi, shoka likiwa mahali pake.