semantic-release baada ya miezi minane: lebo zinajibandika, lakini kazi haijaisha

Kwa miezi minane sasa timu yetu ya watu watano imekiachia chombo kiitwacho semantic-release kazi iliyokuwa ikimtegemea mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri, yaani kubandika lebo ya toleo kwenye komiti (badiliko la msimbo lililohifadhiwa) inayostahili kila msimbo unapounganishwa kwenye tawi kuu. Zamani tuliandika `git tag`, amri ya Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), kwa mkono, na si mara moja lebo ilibaki kwenye kompyuta ya mtu aliyekwisha kwenda likizo, kwa sababu `git push` peke yake haipeleki lebo kwenye seva. Anayeijua Git atatabasamu, ingawa kosa hilo huwapata hata wazoefu, hasa Ijumaa jioni.

Chombo hiki ni programu huria inayoendeshwa na Node.js (mazingira ya kuendeshea JavaScript), nacho huwekwa mwishoni mwa mkondo wa CI, yaani mfululizo wa kazi zinazojiendesha msimbo unapobadilika, baada ya majaribio yote kufaulu. Hutafuta lebo ya mwisho, husoma ujumbe wa kila komiti iliyofuata, kisha huamua namba: ujumbe unaoanza na `fix:` hupandisha tarakimu ya mwisho, `feat:` hupandisha ya katikati, na maneno `BREAKING CHANGE` yakiandikwa chini ya ujumbe hupandisha ya kwanza, ilhali `docs:` na `chore:` hazizai toleo lolote. Tukiwa kwenye 1.4.2, zikaingia komiti mbili za kurekebisha na moja ya kipengele kipya, lebo inayobandikwa ni v1.5.0, kwa kuwa badiliko kubwa kuliko yote ndilo linalohesabiwa. Katika hesabu hiyo sijakiona kikikosea hata mara moja.

Usumbufu ulikuwa kwenye kukifunga. Mfumo wetu ni wa PHP, lakini kwa kawaida chombo hiki hudhani kwamba kila mradi utachapishwa npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, kwa hiyo ilitubidi tuorodheshe upya programu-jalizi zake na kuiondoa ile ya npm, tukabaki na Node.js ndani ya mkondo kwa ajili ya lebo tu. Jaribio la kwanza lilikwama kwa kosa la EGITNOPERMISSION, kwani hatukuwa tumeiruhusu kazi hiyo kuandika kwenye hazina. Kwenye GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha mikondo kama hii, tiba yake ni mstari mmoja, `contents: write`.

Kilichotupotezea siku nzima ni kingine. Mkondo wetu wa pili, ule wa kupeleka mfumo kwenye seva, ulikuwa ukisubiri lebo mpya ndipo uanze. Lebo ikabandikwa, tukaiona kwa macho yetu, na mkondo wa pili ukakaa kimya. Kumbe lebo iliyosukumwa kwa `GITHUB_TOKEN`, yaani tokeni (ufunguo) ambayo GitHub huupa mkondo wenyewe, haianzishi mkondo mwingine, na GitHub wameweka kizuizi hicho makusudi ili mikondo isije ikaitana bila kikomo. Jambo hilo limeandikwa wazi kwenye maelezo yao, sisi ndio hatukusoma. Mwenye shida kama yetu anaweza kutumia tokeni nyingine, lakini sisi tuliona ni salama zaidi kuhamishia kazi ya kupeleka ndani ya mkondo uleule, ianze pale tu toleo jipya linapopatikana.

Vilevile, lebo zinazobandikwa ni nyepesi, yaani hazibebi jina la mtu, tarehe wala maelezo yake zenyewe. Hilo si kasoro mpaka uwe na hati ya zamani ya amri (script) inayotumia `git describe` kuandika namba ya toleo chini ya ukurasa, kama tuliyokuwa nayo, kwa sababu amri hiyo huzipuuza lebo nyepesi usipoiongezea `--tags`.

Yote hayo hurekebishwa mara moja tu, lakini nidhamu ya ujumbe ni ya kila siku. Mwenzetu mmoja aliunganisha marekebisho ya malipo kwa kichwa kisemacho “Marekebisho ya malipo”, bila `fix:` mbele yake, na chombo kikahitimisha, kwa haki kabisa, kwamba hakuna cha kutoa. Tangu hapo chombo kingine, commitlint, hukagua kila ujumbe kabla haujapokelewa. Kiswahili chenyewe hakina tatizo: `fix: rekebisha hesabu ya VAT` hupita vizuri, isipokuwa orodha ya mabadiliko hutoka na sentensi za Kiswahili chini ya vichwa vya Kiingereza, jambo linalochekesha kidogo mteja anapoisoma.

Ninakipendekeza kwa timu inayotoa matoleo mara kwa mara na iliyo tayari kuandika ujumbe kwa utaratibu, nayo ianze na `--dry-run`, ambayo huonyesha namba itakayofuata bila kubandika chochote. Mradi ambao bado unataka kubaki kwenye 0.x, yaani namba zinazoanza na sifuri, usikiguse, maana toleo lake la kwanza huwa 1.0.0 moja kwa moja. Nami kwenye mradi wangu wa pembeni, ninaoufanya peke yangu, nimekiondoa. Hati fupi ya shell hubandika lebo yenye tarehe ya siku, na hadi leo hakuna aliyeniuliza kwa nini si v1.5.0.