Meza ya Vitabu vya Mtumba, Mwanjelwa

Jumamosi nilishuka kwenye bajaji Mwanjelwa kutafuta sweta, maana baridi ya Julai hapa Mbeya haina huruma. Nikarudi na vitabu vitatu. Meza iko pembeni ya wauza mitumba, imetandikwa turubai la bluu, na mzee mwenyewe anajua kila kitabu kilipo. "Shikamoo mzee." "Marahaba, chagua taratibu mwanangu."

Nilichofurahia zaidi ni ufafanuzi wa kitabu cha nabii Amosi katika Biblia, shilingi 4,000, umejaa mistari ya penseli ya msomaji aliyetangulia. Kwenye sura ya 5, nabii anapowakemea wanaomkanyaga maskini na kupokea rushwa, msomaji huyo kaandika pembeni: "Na sisi je?" Nimelala na kuamka na swali hilo wiki nzima. Kanisani tunawaombea viongozi, na ni vyema. Lakini Amosi, mchunga kondoo tu, alifungua kinywa. Jumatano nikamfuata diwani wetu kumuuliza habari za bomba la maji.

Kitabu kimoja kilikosa kurasa nane za mwisho. Nilipokirudisha, mzee alinibadilishia bila maneno. Kagua kabla ya kulipa, na beba fedha taslimu. Mawingu yakitanda, anakunja turubai mapema.