Vumbi la makumbi la kuoteshea maikrogrini: onja kwanza, lipa baadae

Shoga zangu mnaoniuliza mnunue nini muanze maikrogrini barazani, vile vijani vya kukata siku ya 7 hadi ya 14, trei sizungumzii, hata sinia ya plastiki ukiitoboa inatosha. Mie neno langu moja tu: chumvi.

Mwezi ulopita nilinunua gunia la vumbi la makumbi ya nazi elfu 25, nikamwaga figili na mchicha. Figili ikaota vizuri, siku ya sita vijani vikaungua ncha kama vimepitishwa motoni, mchicha ndo haukutoka hata mmoja. Nikalibana lile vumbi mkononi, maji yalotoka nikayaonja na ncha ya ulimi, wallahi mchuzi wa ng'onda! Kumbe makumbi yenyewe yalikuwa yamefukiwa ufukweni yalainike, watu watoe usumba wa kusokotea kamba, na lile vumbi linalobaki ndo nikauziwa mie, eti "dada hii asilia kabisa". Hata bahari asilia.

Basi namba moja kwangu CANNA Coco, vumbi la makumbi la kampuni ya Uholanzi, siwafichi, naipenda. Imeoshwa chumvi tokea kiwandani, unatia maji unamwaga mbegu. Ila huku madukani sijaiona, mpaka umsumbue mtu anayekuja kutoka Ulaya akutilie kwenye sanduku.

Namba mbili, yale matofali ya vumbi la makumbi lililoshindiliwa, ya Sri Lanka au India. La gramu 650 ukilitia maji linavimba lita 8 au 9, kwa trei kadhaa hizo. Kama pakiti haikuandikwa kuwa limeoshwa, suuza mara tatu na uonje. Suuzia maji ya mvua jamani, maana visima vyetu vya pwani vingine vyenyewe vina chumvi, utalaumu tofali bure.

Namba tatu vumbi la hapa hapa, la makumbi yasoingia baharini, ukimpata wa kukwambia kweli. Udongo mweusi rahisi, lakini mchanga utaula pamoja na saladi. Tishu mie naoteshea uwatu tu.

Na mbegu za rangi ya waridi au buluu za duka la pembejeo zina dawa, msizile vijani vyake.

Yule muuzaji nilimrudia na kikombe cha yale maji, nikamwambia onja. Kaniangalia, kacheka: "Kwani bi mkubwa wewe unakula vumbi?" Elfu 25 yangu mpaka leo iko kwake.